Kaunti Kununua Shamba la Mtu kwa Ajili ya Hifadhi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya Kenya. Yameandikiwa mwenye shamba aliyefikiwa na kaunti, mkazi anayetaka chemchemi au msitu wa kijijini ununuliwe kabla haujakatwa, na afisa wa wadi anayeulizwa haya kila wiki. Ukifika hatua ya kutia sahihi, tafuta wakili wako mwenyewe. Wakili wa kaunti anaitetea kaunti.

Kaunti ina mamlaka ya kununua ardhi kwa sababu ya mazingira?

Ndiyo. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaikabidhi kaunti utekelezaji wa sera za uhifadhi, yakiwemo maji, udongo na misitu, pamoja na bustani za umma na fuo. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016 nayo inaitaka kila kaunti ianzishe bustani za miti na maeneo ya kijani kwa wakazi wake.

Mamlaka basi yapo. Kinachokwamisha ni mpango na bajeti. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 hairuhusu pesa kutengwa nje ya mfumo wa mipango, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inamkataza afisa mhasibu kuanza ununuzi kabla hajaridhika kwamba pesa za kutosha zimetengwa. Ukiambiwa kaunti itanunua shamba lako, swali lako la kwanza liwe: ni mstari gani wa bajeti, wa mwaka gani?

Kuna njia ngapi za kaunti kupata shamba langu?

Mbili. Ya kwanza ni ununuzi wa hiari: mnakubaliana bei, mnaandikiana mkataba, hati inahamishwa. Ya pili ni utwaaji wa lazima chini ya Sheria ya Ardhi ya 2012, ambapo kaunti inaiomba Tume ya Kitaifa ya Ardhi itwae shamba kwa niaba yake na kukulipa fidia. Kaunti haina uwezo wa kutwaa ardhi ya mtu peke yake. Barua ya kaunti isiyotaja Tume, ikikutaka uhame, si utwaaji wa kisheria.

Kwa kazi ya hifadhi, tunapendelea hiari kila inapowezekana. Mtu aliyeuza kwa ridhaa yake mara nyingi hubaki jirani wa eneo hilo, na jirani mwenye kinyongo huleta kazi kubwa ya ulinzi.

Ni ardhi gani inafaa kununuliwa?

Pesa za kaunti ni chache, kwa hiyo maji yatangulie: chemchemi, vinamasi na vyanzo vya vijito. Vifuate vipande vinavyounganisha misitu miwili, na mapito ya wanyamapori ambayo uzio mmoja tu ungeyaziba. Viploti vilivyotawanyika, hata kama vina miti mizuri, ni ghali kulinda na ni rahisi kumegwa.

Chemchemi ipimwe kabla ya kuzungumza bei, na ipimwe wakati wa kiangazi. Ndoo ya lita 20 na saa vinatosha. Ndoo ikijaa kwa sekunde 40, unapata nusu lita kwa sekunde, yaani takriban lita 43,200 kwa siku. Rudia kipimo mara tatu siku ile ile, kisha tena baada ya wiki chache. Chemchemi iliyopimwa Mei, mvua ikinyesha, haikuambii lolote kuhusu Februari.

Kosa tunaloliona sana ni kununua jicho la chemchemi peke yake, robo ekari yenye tope na mafunjo, na kuuacha mteremko wa juu unaoilisha. Miaka miwili baadaye mteremko umelimwa au umejengwa, vyoo vya shimo vimechimbwa, na maji yaliyonunuliwa hayanyweki. Kosa la pili ni kusahau njia. Kipande kilichozungukwa na mashamba ya watu hakifikiki bila haki ya njia iliyosajiliwa kwenye hati ya shamba linalopitiwa, na ahadi ya mdomo ya jirani hufa siku shamba lake linapouzwa.

Mto unapita shambani kwangu. Ile kingo si ya serikali tayari?

Si lazima, na hapa pana mkanganyiko mkubwa. Kanuni za maji zinaweka ukanda wa kingo wa kuanzia mita 6 hadi mita 30 kila upande kulingana na upana wa mto, ukihesabiwa kutoka kiwango cha juu kabisa cha maji. Ndani ya ukanda huo hulimi, hujengi wala hukati mimea ya asili upendavyo. Lakini kama hati yako inafika hadi mtoni, ukanda huo kwa kawaida bado uko ndani ya hati yako. Wewe ni mwenyewe, ila matumizi yamefungwa.

Kwa kaunti, maana yake ni kwamba haifai kulipia ukanda huo kana kwamba ni shamba la mahindi, kwa sababu sheria tayari imezuia kilimo pale. Kwa muuzaji, maana yake ni kwamba bei ya ekari zako haitakuwa moja kila mahali. Mto wa urefu wa mita 100 wenye ukanda wa mita 30 kila upande unashika mita za mraba 6,000, karibu ekari moja na nusu. Mpimaji auchore kwenye ramani kabla mthamini hajafika, la sivyo mtabishana kuhusu bei mkiwa mnazungumzia maeneo mawili tofauti.

Ufukwe wa bahari una taratibu zake za upimaji. Ukiwa Kwale au Kilifi, usitumie vipimo vya mto.

Ununuzi wa hiari unakwenda kwa hatua gani?

Kwanza idara inayohusika inaandika kwa nini shamba hilo na si jingine, na mradi unaingizwa kwenye mpango wa mwaka na bajeti. Kisha mnapatana barua ya nia, ambayo haikufungi kuuza.

Baadaye unafuata upekuzi rasmi wa rejista na upimaji wa bikoni (alama za mpaka), halafu uthamini. Mwenye shamba aajiri mthamini wake pia. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na kuuza kwa bei ya kukisia.

Ndipo mkataba unaandikwa. Usitie sahihi kabla haujaona vitu vinne ndani yake: ukubwa wa eneo kwa mujibu wa upimaji mpya, tarehe na namna ya malipo, matumizi ya ardhi baada ya kununuliwa yametajwa kuwa ni hifadhi, na masharti juu ya mazao na miti iliyoko shambani. Mahindi yaliyoko shambani ni ya nani? Kaburi la babu litafikiwaje? Mambo haya yaandikwe.

Shamba la kilimo linahitaji ridhaa ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila ridhaa, mkataba ni batili. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi inasamehe baadhi ya miamala ambayo Serikali ni mhusika, lakini kaunti makini haijifichi nyuma ya msamaha huo. Inapita kwenye bodi, na karatasi inabaki kwenye faili. Mwisho vinakuja vyeti vya kutodaiwa, malipo, na usajili wa uhamisho.

Kaunti ikitaka sehemu tu, tuseme ekari 2 zenye chemchemi kutoka shamba la ekari 8, ongeza hatua ya kugawa shamba: mchoro wa mpimaji, idhini ya mipango ya kaunti, ridhaa ya bodi kwa mgawanyo wenyewe, marekebisho ya ramani ya rejista, na namba mpya mbili. Hatua hii peke yake inaweza kula miezi mingi. Anza nayo mapema.

Nifanye nini ili nisibaki nikiidai kaunti?

Kaunti nyingi zina malimbikizo ya madeni ya wakandarasi, na muuzaji wa shamba anaweza kuishia kwenye foleni hiyo hiyo. Hati miliki yako ya asili na fomu ya uhamisho uliyotia sahihi zikae kwa wakili wako. Zisitoke hadi pesa ziwe kwenye akaunti, au hadi wakili wa upande wa pili atoe ahadi rasmi ya kitaalamu ya kulipa ambayo wakili wako ameikubali kwa maandishi. Usihame wala usikabidhi shamba kwa kulipwa sehemu.

Angalia kalenda pia. Mwaka wa fedha unaisha Juni 30, na idhini ya kutumia pesa za mwaka huo huisha nao. Mkataba uliosainiwa Mei bila malipo kufika Juni huhitaji kutengewa pesa upya, na huko kunaweza kuwa miezi au mwaka mzima. Ukiona mazungumzo yanafika Aprili bila uthamini kukamilika, ni heri kusubiri Julai kuliko kusaini kwa haraka.

Ni matatizo gani ya hati yanayoua ununuzi?

La kwanza ni shamba ambalo bado liko kwa jina la marehemu. Hakuna mtoto anayeweza kuuza, hata kama ndugu wote wamekubaliana mbele ya chifu. Lazima mirathi ifunguliwe mahakamani, msimamizi ateuliwe, na hati ya usimamizi ithibitishwe. Kaunti iliyomlipa kifungua mimba peke yake kwa sababu ndiye anayeishi pale imenunua kesi.

La pili ni mwenzi wa ndoa. Nyumba au shamba la familia haliuzwi bila ridhaa ya mume na mke, na katika ndoa ya wake wengi suala hili linahitaji uangalifu zaidi. Ridhaa iwe ya maandishi, mbele ya wakili, na si sahihi ya kupelekewa nyumbani na dalali.

La tatu ni mizigo iliyosajiliwa: rehani ya benki, tahadhari iliyowekwa na jamaa, au zuio la mahakama. Upekuzi unaonyesha hali ya leo tu. Omba pia kuiona historia yote kwenye kadi ya shamba, ile watu huiita kadi ya kijani, kuanzia mmiliki wa kwanza. Rudia upekuzi siku chache kabla ya malipo, kwa sababu tahadhari inaweza kuingizwa katikati.

La nne ndilo zito kuliko yote: ardhi iliyokuwa ya umma tangu mwanzo. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 ilionyesha jinsi misitu, vinamasi na viwanja vya umma vilivyogawiwa watu kinyume cha sheria, na hati za aina hiyo bado zinazunguka sokoni. Ibara ya 40 ya Katiba hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Aprili 2023, katika kesi ya Dina Management dhidi ya Serikali ya Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba hati yenye mzizi mbovu haimlindi hata mnunuzi aliyelipa kwa nia njema. Ardhi yenyewe ilikuwa imetengwa kuwa eneo wazi la umma, likielekea ufukweni. Kaunti ikinunua ardhi kama hiyo, wananchi wamelipia mali yao wenyewe. Mzizi wa hati ufuatiliwe hadi ugawaji wa kwanza, na ramani za zamani za upangaji wa mji zifunguliwe.

Angalizo dogo: cheti cha hisa za kampuni au chama cha kununua mashamba si hati miliki. Kinaweza kukupa haki ndani ya chama, lakini hakiwezi kuhamishiwa kaunti kama shamba.

Bei inapangwaje?

Kwenye hiari, mthamini aliyesajiliwa analinganisha mauzo ya karibuni ya mashamba yanayofanana, akizingatia udongo, barabara, maji na vizuizi kama ukanda wa mto. Bei zinazotajwa na madalali si ushahidi. Ushahidi ni mauzo yaliyosajiliwa.

Kwenye utwaaji wa lazima, kanuni za fidia za 2017 zinaongeza asilimia 15 ya bei ya soko kama fidia ya usumbufu. Tuseme shamba ni ekari 5 na bei ya soko ni shilingi 800,000 kwa ekari. Bei ni 4,000,000, usumbufu ni 600,000, jumla 4,600,000. Hapo hujaongeza thamani ya nyumba, miti na mazao, ambavyo navyo vinahesabiwa, wala gharama halali za kuhama. Nyumba iliyojengwa harakaharaka baada ya habari za mradi kuvuja, kwa nia ya kupandisha fidia, haitahesabiwa.

Kuna jambo linalowaumiza watu: thamani ya kimazingira haionekani kwenye bei ya soko. Kinamasi kinachohifadhi maji ya wadi nzima kinaweza kuthaminiwa chini ya shamba kavu la jirani, kwa sababu hakilimiki. Mwenye kinamasi asikubali hoja kwamba ardhi yake haina kazi. Apeleke ushahidi wa matumizi halisi: nyasi anazouza, matete, mboga za kiangazi, ng'ombe wanaonyweshwa. Hayo ni mapato, na mthamini anaweza kuyahesabu.

Nitatozwa kodi nikiuza?

Kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023. Ulinunua kwa 1,000,000, ukatumia 100,000 kwa gharama zinazokubalika, ukauza kwa 4,000,000: faida ni 2,900,000 na kodi ni 435,000. Lakini kuna misamaha ambayo wakulima wengi hawaijui. Shamba la kilimo la chini ya ekari 50 lililo nje ya manispaa au mji uliotangazwa limesamehewa, na mtu binafsi anayeuza ardhi isiyozidi thamani ya shilingi milioni 3 amesamehewa pia. Thibitisha iwapo shamba lako limemezwa na mipaka mipya ya manispaa, kwa sababu manispaa nyingi zimeanzishwa miaka ya karibuni.

Utwaaji wa lazima unafuata utaratibu gani?

Waziri wa kaunti anayehusika anapeleka ombi kwa Tume. Tume ikiridhika kwamba ni kwa manufaa ya umma, inachapisha notisi kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na la kaunti, na kuipeleka kwa msajili na kwa kila mwenye maslahi. Kikao cha kusikiliza madai hufanyika angalau siku 30 baada ya notisi hiyo, na tarehe yake itangazwe angalau siku 15 kabla. Dai lako la maandishi liwe limefika Tume kabla kikao hakijapita. Peleka hati, kitambulisho, ripoti ya mthamini wako, na picha za kila kitu: idadi ya miti kwa aina na umri, urefu wa uzio, kisima na kina chake.

Kaunti inatakiwa kuweka pesa za fidia kwa Tume kabla ya utwaaji kufanyika. Uliza iwapo zimewekwa, tena kwa barua. Marekebisho ya 2019 yaliruhusu fidia kwa njia nyingine mbali na pesa taslimu, mfano ardhi ya thamani sawa au hati fungani za serikali, na yakaeleza kuwa malipo ya haraka ni yale yasiyozidi mwaka mmoja baada ya ardhi kuchukuliwa. Marekebisho hayo pia yaliunda baraza maalum la kuamua migogoro ya utwaaji. Ukikataa kiasi ulichopewa, pesa huwekwa kwenye akaunti maalum ya fidia na mradi unaweza kuendelea huku ukidai nyongeza. Kukataa kupokea pesa hakusimamishi utwaaji, ila kunakupa nafasi ya kubishania kiasi.

Kusudio la umma likishindikana, Tume inaweza kumpa mwenye shamba wa awali au warithi wake nafasi ya kwanza ya kuirudisha ardhi, wakirejesha kiasi walicholipwa. Kwa hiyo hifadhi iliyogeuzwa kuwa eneo la maduka inaweza kudaiwa. Tunza karatasi zako hata baada ya kulipwa.

Na wanaoishi pale bila hati?

Katiba inaruhusu wakaaji wa nia njema walipwe hata kama hawana hati. Kama wanaondolewa, notisi iwe ya angalau miezi 3, kwa maandishi. Mtu aliyekaa kwenye shamba la mwenzake waziwazi kwa miaka 12 anaweza kulidai, na dai hilo haliwezekani tena dhidi ya ardhi ya umma. Ndiyo sababu suala la wakaaji lazima limalizwe kabla ya ununuzi. Kaunti inayonunua kwanza na kuhesabu watu baadaye huishia kuwafukuza wapangaji na vibarua ambao hawakupokea hata shilingi moja ya bei.

Shamba ni la jamii. Wazee wanaweza kuuza?

Hapana. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016, uamuzi wa kuiachia ardhi ya jamii iliyosajiliwa unahitaji theluthi mbili ya watu wazima waliosajiliwa kuwa wanajamii. Kwa ardhi ya namna hii, kununua si njia tunayoipendekeza. Makubaliano ya hifadhi yanafaa zaidi.

Lazima kununua, au kuna njia nafuu?

Kuna njia mbili za maana. Moja ni haki ya hifadhi inayosajiliwa juu ya hati: unabaki mwenyewe, unalisha na kurithisha, lakini umefungwa kutojenga, kutokata au kutoweka uzio mahali fulani. Atakayenunua baada yako amefungwa pia. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 na Sheria ya Mazingira ya 1999 zote zina vifungu vya haki hii.

Nyingine ni kukodi. Kitengela, kusini mwa Mbuga ya Nairobi, mpango wa kukodi ulioanza mwaka 2000 uliwalipa wafugaji dola 4 kwa ekari kwa mwaka ili wasiweke uzio wala kuuza vipande. Malipo yalipangwa kulingana na misimu ya karo za shule. Udhaifu wake ni kwamba bei ya viwanja karibu na mji hupanda kuliko kodi, na mfadhili akichoka, ukanda unafungwa.

Kanuni tunayoitumia: nunua pale ambapo matumizi ya binadamu lazima yasimame kabisa, kama jicho la chemchemi na mteremko wake. Penye malisho yanayokwenda sambamba na wanyama, kodi au sajili haki ya hifadhi.

Pesa zitoke wapi?

Ununuzi wa ardhi ni matumizi ya maendeleo, na sheria ya fedha za umma inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo katika kipindi cha kati. Baadhi ya kaunti zina mifuko ya tabianchi. Makueni ilitangulia kuweka kanuni za mfuko wake mwaka 2015. Soma kanuni za mfuko kabla ya kuuhesabia, kwa sababu wafadhili wengi hulipia upandaji na uzio lakini hawalipii ardhi.

Mfano wa mapato ya kudumu uko Boulder, jimbo la Colorado nchini Marekani. Mwaka 1967 wapiga kura wa mji huo walikubali kodi ya mauzo ya asilimia 0.4 kwa ajili ya kununua ardhi ya wazi, na leo mji unatunza zaidi ya ekari 45,000. Kaunti zetu haziwezi kutoza kodi ya mauzo, hivyo mfano huo haunakiliwi moja kwa moja. Kinachofaa kuigwa ni kutenga kiasi kile kile kila mwaka, badala ya kusubiri mradi mkubwa mmoja kabla ya uchaguzi.

Mwaka wa kwanza baada ya kununua kuna kazi gani?

Hapa ndipo ununuzi mwingi unapopotea. Bajeti inalipa bei, kisha hakuna shilingi ya mlinzi. Tunashauri gharama za miaka mitatu ya utunzaji zipitishwe pamoja na bei, katika uamuzi mmoja.

Mwezi wa kwanza: bikoni zionekane, mpaka ufyekwe, kibao cha kaunti kiwekwe, majirani wote watembezwe mpakani na kusaini ramani. Uzio wa miti hai unatosha mara nyingi. Seng'enge huibwa.

Penye chemchemi, angalia mikaratusi. Mwaka 2009 John Michuki, akiwa waziri wa mazingira, aliagiza ing'olewe kwenye vyanzo vya maji, na mingi ingali palepale. Kukata hakutoshi, kwa sababu kisiki huchipua. Kata chini kabisa, ambua gome lote hadi usawa wa udongo, kisha vunja machipukizi kila baada ya wiki chache hadi kisiki kichoke. Karibu na maji usimwage dawa ya kuua visiki. Usikate yote msimu mmoja kwenye mteremko mkali, maana mvua itashuka na udongo. Kata kwa mistari, panda, subiri, kata tena.

Kupanda nako kuna mahali pake. Kwenye mteremko, miti ya asili kama mkuyu kwa nafasi ya mita 3 kwa 3 ni takriban miche 450 kwa ekari. Panda mvua inapoanza, na weka akiba ya miche ya kujazia iliyokufa. Ndani ya kinamasi chenyewe usipande miti. Toa mifugo, ziba mitaro iliyochimbwa kukausha, na mafunjo na matete yatarudi yenyewe. Sherehe za kupanda miche katikati ya kinamasi hupendeza kwenye picha, lakini zinakikausha.

Tutaruhusiwa kuteka maji na kukata nyasi?

Inafaa muruhusiwe, kwa masharti yaliyoandikwa. Mtaro wa kunyweshea uwekwe chini ya jicho la chemchemi, nje ya uzio, ili ng'ombe wasikanyage chanzo. Nyasi zikatwe kwa mundu, kwa zamu. Chama cha watumiaji maji au cha wahifadhi msitu kisaini makubaliano na kaunti, yakitaja nani anaingia, siku gani, na adhabu ni nini. Eneo lililofungwa kabisa bila mlinzi huvamiwa usiku na kina mama wale wale waliokuwa wakilitunza mchana.

Gavana mwingine akija, anaweza kuliuza?

Ardhi ikishauzwa kwa kaunti inakuwa ya umma. Kaunti inaishika kwa niaba ya wakazi, Tume inaisimamia, na haiwezi kutolewa ila kwa kufuata sheria ya Bunge. Lakini ardhi ya umma hunyakuliwa kila siku, kwa hiyo weka kufuli zaidi ya moja. Hati isajiliwe mara moja, maana miamala mingi huishia kwenye mkataba na malipo huku rejista ikibaki na jina la muuzaji, na warithi wake wakaiuza upya. Matumizi ya hifadhi yaandikwe kama kizuizi kwenye rejista. Mpango wa usimamizi upitishwe na bunge la kaunti. Penye miti ya kutosha, eneo litambuliwe kuwa msitu wa kaunti. Nakala za hati, ramani na mkataba zikae sehemu tatu, mojawapo ikiwa ni chama cha wananchi.

Mimi ni mkazi tu. Naanzia wapi?

Andika ukurasa mmoja: namba ya shamba, ukubwa, kipimo cha maji cha kiangazi, idadi ya kaya zinazoteka, na iwapo mwenye shamba yuko tayari kuuza. Ukipata barua yake, iambatanishe. Mpango wa maendeleo wa mwaka unafika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, kwa hiyo karatasi yako iwe idarani kufikia Juni au Julai. Hudhuria vikao vya maoni ya umma, na makadirio ya bajeti yakifika bungeni kufikia Aprili 30, soma kama mstari wa shamba lenu bado upo, na una kiasi gani. Ukiondolewa, una haki ya kuwasilisha ombi rasmi kwa bunge la kaunti. Lipeleke kwa karani, lipigwe muhuri wa kupokelewa, na ubaki na nakala yako.